Sura ya Tisa: Vifungo vya Mtu wa Pembeni

Inspekta Tobias Quennell alikuwa anafunga koti mbele ya kioo cha kunyolea ndevu alipoona kwamba mtu aliye ndani ya kioo amevaa koti la kike.

Hakushtuka mara moja. Ijumaa hiyo ya Desemba alikuwa ameamka nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa bado kwenye ndoto ya meli kubwa inayoteleza kushuka majini bila sauti, watu elfu wakifungua vinywa kushangilia na hakuna hata mmoja anayesikika. Ukungu ulikuwa umefunika dirisha. Mtaa wa nje haukuwapo tena, ila kwato za farasi zilizokuwa zikipita polepole mahali palipokuwa na mtaa.

Alisimama, vidole vikiwa kwenye kifungo cha pili. Koti la mwanamume, upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. La mwanamke ni kinyume chake. Yeye koti lake lilikuwa sawa, lakini yule wa kiooni alikuwa amelaza kulia juu ya kushoto, kama mke wa mchungaji anayekwenda kanisani.

Polepole akageuza macho kwenye ukurasa wa gazeti aliokuwa ameubandika kwa pini kando ya kioo.

Ukurasa huo ulikuwa umekaa pale wiki saba. Aliubandika kwa majivuno, na tangu hukumu ilipotolewa aliuacha kwa kujiadhibu, maana kulikuwa na kitu ndani yake kilichomkera na hakujua ni nini. Ulitoka katika *Kioo cha Jumamosi*, gazeti la picha ambalo nusu ya Uingereza ililibandika ukutani jikoni. Picha ilionyesha meli *Aurelia* ikishushwa majini kule Deptford: bendera, kofia, wanawake na leso zao. Pembeni kabisa, nyuma ya rundo la mbao, mtu mmoja alikuwa ameinua nondo, mkono wake ukiwa umemficha uso. Mchoraji alidhani anashangilia. Jioni ile nyuma ya rundo lile ilikutwa maiti ya Silas Crouch, nyapara wa kiwanda cha meli, fuvu limepasuka. Macho elfu nne yalikuwa kwenye meli, na penseli moja tu ndiyo iliyomwona muuaji, nayo haikujua imeona nini.

Mtu wa pembeni alikuwa ameinua mkono wa kushoto. Quennell alikwenda Deptford na ukurasa mfukoni, na siku mbili hazikuisha akawa amempata Joseph Larkin, seremala wa meli aliyewahi kugombana na Crouch mbele ya watu. Larkin aliwahi kuanguka kutoka jukwaani akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi juu ya kifua. Mahakamani mwendesha mashtaka alimwamuru aunyanyue. Larkin alijaribu mpaka jasho likamtoka, na wazee wa baraza wakatikisa vichwa. Mkono wa kuulia anao mmoja tu, waungwana, alisema mwendesha mashtaka, na ndio huu uliomo pichani. Jumatatu saa mbili asubuhi angenyongwa katika gereza la Newgate.

Na siku ile ya kumkamata, mkewe, Keziah, mshona mashati, alisimama mlangoni na kuutazama ukurasa kwa muda mrefu. "Huyu si Joe," alisema. "Tazama vifungo. Vifungo vya Joe navishona mimi." Hakulia, hakupiga kelele. Quennell aliandika katika daftari lake: *Mke hana jipya*. Tangu hukumu mama yule alikuwa akija kila asubuhi kukaa kwenye benchi la ukumbi wa makao ya polisi, kikapu mapajani, bila kumwambia mtu neno.

Quennell akachomoa pini, akaitumia kuhesabia. Wanaume arobaini na mmoja pichani walionekana vifungo. Arobaini walikuwa wamelaza kushoto juu ya kulia. Wa arobaini na mmoja alikuwa yule wa pembeni.

"Mjinga wee," alijiambia kwa sauti, akatoka mbio na kofia mkononi.

*

Ofisi za *Kioo cha Jumamosi* zilikuwa katika kichochoro nyuma ya mtaa wa Strand. Gazeti lilianzishwa na mzee Yelverton, muuza vitabu vya nyimbo za kanisani, ambaye miaka thelathini na moja nyuma alichapa picha ya nyangumi aliyekwama ufukweni, akashangaa kuona watu wakigombania karatasi ile hadi kuchaniana mikono ya makoti. Tangu siku hiyo aliamini kwamba Mwingereza yuko tayari kujua habari zote za dunia mradi asilazimike kuzisoma. Akawapa mafuriko, harusi za wafalme, vita vya Crimea, faru wa kwanza kuogeshwa London. Wasiojua kusoma walinunua vilevile, na pengine wao ndio walioangalia kwa makini zaidi.

Sasa mzee alikuwa kaburini na gazeti lilikuwa la mwanawe, Crispin. Dirishani mwa ofisi, juu ya kitambaa cha mahameli, aliweka kibao chenyewe kilichochapia picha ya meli, mti mgumu wa rangi ya siagi uliochongwa na kupakwa wino, na kadi mbele yake: KIBAO KILICHOMKAMATA MUUAJI.

"Bwana Inspekta! Shujaa wetu!" Crispin Yelverton alimpokea kwa mikono miwili, kisha macho yakamshuka. "Lo! Umevaa gizani?"

Quennell alijitazama. Kwa haraka aliruka tundu moja, na koti lake lilikuwa limening'inia upande.

"Nataka kibao kile kitolewe dirishani na kufunguliwa," alisema.

"Kifunguliwe? Watu wanatoka Manchester kuja kukiona."

"Nadhani pembe ile imegeuzwa. Kama imegeuzwa, mkono ule ni wa kulia. Na Larkin hawezi kuinua wa kulia hata kujikuna kichwa."

Tabasamu la Yelverton lilibaki mahali pake bila mwenyewe. "Bwana wangu, hukula asubuhi. *Kioo* hakijawahi kukosea. Baba yangu alichapa vita vyote vya Crimea bila kosa hata moja."

"Alichapa farasi wa miguu mitano, bwana," ilisema sauti nyuma yao. "Mwaka wa hamsini na tano. Mpandaji wake alikuwa jenerali."

Aliyesema alikuwa Zebedee Gotobed, msimamizi wa wachongaji, mzee mfupi mwenye aproni na lenzi iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Yelverton alimtupia jicho kali. Gotobed alikuwa ameanza kutupiwa macho na akina Yelverton kabla huyu hajaota meno, na wala hakujali.

"Zebedee, unaweza kukifungua?" aliuliza Quennell.

"Naweza, ila bwana mkubwa akikataa siwezi."

"Bwana mkubwa akikataa," alisema Quennell, "nitarudi na hati, na nitamwuliza mbele ya jaji kwa nini alikataa."

Yelverton alitazama ukungu, akatazama kadi yake nzuri. "Haya, basi. Lakini msikikwaruze."

Juu ya meza Gotobed alikilaza kifudifudi na kuanza kulegeza skrubu za mgongoni. Kibao hakikuwa kimoja. Kilikuwa vipande kumi na viwili vilivyobanwa pamoja, kila kimoja ukubwa wa kitabu cha sala.

"Mtu mmoja akichonga picha nzima atamaliza meli imeshazama," alieleza. "Kwa hiyo tunaigawa. Huyu anachonga mawingu, huyu kofia, huyu farasi. Alhamisi jioni tunaibana tena na kuipeleka mashineni. Wa farasi hajui meli inaitwaje."

"Na vyote vinachorwa kinyume."

"Lazima. Chapa inageuza. Ukitaka kushoto, chonga kulia."

Alikitoa kipande cha pembeni, akakipangusa kwa kidole gumba, akaweka lenzi jichoni. Quennell alisubiri. Mahali fulani chini yao mtambo wa chapa ulikuwa ukipumua taratibu, na sakafu nzima ilipumua nao, mpaka akahisi usingizi wa asubuhi ile unamrudia.

"Vivuli," Gotobed alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Huko kwingine jua linatoka huku. Kwa huyu linatoka kule. Ana jua lake peke yake, huyu." Akakaa kwenye kiti bila kukitafuta. "Kimegeuka, Bwana Inspekta. Wiki zote hizi kimekaa dirishani nakipita, sikukiona."

"Hata mimi nililala na ukurasa wake chumbani. Sasa niambie, nani hapa ni mgeni wa kazi? Nani anaweza kusahau kwamba chapa hugeuza?"

"Pymm," alijibu Yelverton upesi mno. "Mchoraji wetu mpya. Nilisema tangu mwanzo yule kijana anaota mchana."

Lancelot Pymm aliitwa, akaja na andazi la zabibu kavu mkononi na jingine mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuhamisha michoro ya karatasi kwenye mbao kwa penseli, ikiwa imegeuzwa, kabla ya wachongaji kuichonga. Alipoelewa anatuhumiwa nini alimeza andazi zima.

"Si mimi! Jamani, si mimi! Mengine yote nimechora mimi, nenda katazame jina la meli kama halisomeki. Pembe ile niliiacha tupu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Orde hakuwa ameileta! Alisema mvua ilimlowanishia ukurasa, atauchora upya nyumbani." Orde ndiye msanii wa safari aliyekuwa Deptford siku ile. "Akaja Alhamisi mchana na mkoba na viatu vya matope, treni ya Dover inamsubiri. Akampa karatasi mkononi yule wa kipande hicho. Mimi nilimwona tu mgongo."

Orde aliondoka jioni hiyohiyo kwenda Uhispania, kuchora vita. Quennell alikuwa amemwandikia barua tatu na hakupata jibu hata moja.

"Na wa kipande hicho ni nani?"

Gotobed alikigeuza kipande. Nyuma yake, kwa penseli, iliandikwa namba kumi na mbili na herufi D. Mzee aliisoma, akakiweka mezani taratibu.

"Haiwezekani," alisema. "Tafuta sababu nyingine, Bwana Inspekta. Huyu ni Bi Dunnage. Miaka ishirini na sita yupo mezani. Angekuwa mwanamume angekuwa na kiti changu, na mimi ndiye ningekuwa nampelekea chai."

"Kwa hiyo hawezi kusahau kugeuza."

"Hawezi kabisa. Ni kama wewe kusahau kupumua."

Quennell alipanda ngazi akiwa amechanganyikiwa. Alikuwa na fundo, alikuwa na uzi, na fundo halikutaka kukaa kwenye uzi. Kosa la mgeni wa kazi lilikuwa limefanywa na mkono uliokuwa mahiri kuliko yote nyumbani mle.

*

Chumba cha wachongaji kilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Ingawa ilikuwa saa nne asubuhi taa ya gesi ilikuwa imewashwa katikati ya meza ya mviringo, na kuizunguka yalipangwa matufe ya kioo yaliyojaa maji. Kila tufe lilinyonya mwanga na kuutema mbele kama duara dogo jeupe lililotetemeka juu ya kibao cha mchongaji wake. Watu wanane walikuwa wameinama, kila mmoja na mwezi wake mdogo. Hakuna aliyeongea. Kilichosikika ni ncha za chuma zikikwaruza mti, na chembe za mti zikianguka. Harufu ilikuwa ya mafuta na vumbi tamu. Quennell alijiona yuko ndani ya moja ya matufe yale, anatembea chini ya maji, na angeridhika kubaki humo siku nzima.

Bi Philippa Dunnage alikaa mwisho wa meza, mwanamke mwembamba wa miaka hamsini hivi, shali ya kijivu, macho mekundu ya kazi. Alikuwa anachonga manyoya ya bata bukini wa Krismasi.

"Keti, Bwana Inspekta," alisema bila kuinua kichwa. "Usiegemee meza tu. Mwanga utatikisika na wenzangu watanitukana kimoyomoyo."

Quennell aliketi. "Bi Dunnage, mtu akichonga, anaona nini?"

"Mistari."

"Haoni mtu? Haoni uso?"

"Ukianza kuona uso umeharibu. Hapo ndipo mkono unapotaka kumpendezesha. Fuata mstari, mtu atajitokeza mwenyewe Jumamosi."

"Na mchoro ukija juu ya karatasi badala ya kuja juu ya kibao?"

Ncha ya chuma ilisimama kwenye bawa la bata. "Unaugeuza."

"Daima?"

"Daima. Hata usingizini."

Quennell alitandaza ukurasa ndani ya duara la mwanga, akaweka kidole pembeni. Kisha akajigusa kifua. "Tafadhali tazama vifungo."

"Umeruka tundu."

"Najua. Tazama vya huyu."

Hakuvitazama. Alifuta chuma chake kwa kitambaa, akakilaza sambamba na vingine, akapanga kitambaa. "Navijua," alisema. "Navijua tangu Alhamisi ile saa kumi na moja jioni."

Quennell alikuwa amejiandaa kwa uongo. Katika miaka kumi na minne ya kazi watu walikuwa wamemdanganya juu ya vitu vidogo kuliko hivi, na sasa ukweli ulipokuja hivi hivi, bila kuvutwa, alikosa swali la kuuliza.

Bi Dunnage alifungua mtoto wa meza, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha karatasi nyororo, ile inayopitisha mwanga, ya kunakilia. Aliishika mbele ya tufe. Mtu wa pembeni akasimama hewani kati yao, nondo juu, mwanga ukimpita mwilini. Akaigeuza karatasi, naye akasimama vilevile, ila kwa mkono mwingine. Hakukuwa na njia ya kujua upi ni uso wa karatasi na upi ni mgongo.

"Bwana Orde aliniletea hii. Kila siku huleta michoro ikiwa sawa, nasi tunageuza. Siku ile alituonea huruma. Alijua hatuna muda, akaigeuza mwenyewe huko nyumbani. Akaandika." Alikunjua ukingo wa chini. Kwa penseli iliyokolezwa kulikuwa na maneno: *Nimekwisha kuigeuza. Isigeuzwe tena. Orde.*

"Hukuyaona."

"Ukingo aliukunja mwenyewe, nao ndio nilioubandika kwa nta ubavuni mwa kibao. Nilifuata mkono wangu. Mkono wangu ukipokea karatasi unaigeuza, hauniulizi. Nilipobandua nta, kazi imekwisha, ndipo nikasoma." Alitabasamu kidogo, tabasamu baya la mtu anayejicheka. "Pymm angesahau kugeuza. Mimi nilisahau kutogeuza."

"Na ukanyamaza."

"Mashine ilikuwa inasubiri. Nikajiambia ni pembe ndogo. Mtu anaishangilia meli. Akiishangilia kwa mkono huu au ule, nani atakufa?"

Ncha saba za chuma zilikuwa zimenyamaza. Hakuna aliyeinua kichwa, lakini hakuna aliyechonga.

"Halafu ukaja wewe," alisema Bi Dunnage.

"Halafu nikaja mimi."

"Nikasema, watagundua tu. Watu laki mbili wananunua gazeti hili. Hakosekani mmoja wa kutazama vifungo. Kila asubuhi napita pale dirishani, nasema, leo. Jana usiku niliweka bahasha mfukoni nije kwako. Nikafika darajani nikarudi. Mwanamke kwenye meza hii hapewi kosa la pili, Bwana Inspekta. Hata la kwanza nilikuwa sijapewa."

"Yupo mmoja aliyetazama," alisema Quennell. "Tangu siku ya kwanza. Aliniambia, nami sikumsikiliza." Alitaka kumkasirikia mama huyu, hasira ingemfaa sana wakati ule, lakini kila alipoinyoosha ilirudi na kumwelekea yeye. "Utaandika haya yote? Sasa hivi? Nayapeleka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani."

"Nipe kalamu."

Mlango ulifunguka. Yelverton alikuwa amepanda ngazi, akihema. "Philippa! Ukitia saini hiyo, huna kiti hapa. Nakwambia mbele ya wote."

"Nimekikalia miaka ishirini na sita, Bwana Crispin," alijibu, tayari ameinama. "Kina msumari. Atakayekuja baada yangu mwonye."

Mtu mmoja mezani alicheka puani. Gotobed, aliyekuwa nyuma ya Yelverton, alivua lenzi yake shingoni na kusema kwamba kama ni hivyo itabidi bwana mkubwa atafute na msimamizi, maana yeye naye magoti yamechoka ngazi. Yelverton aligeuka, akashuka.

Bi Dunnage aliandika. Mkono wake, uliozoea kwenda polepole juu ya mti, sasa ulikimbia. Quennell alimtazama bila kuelewa anachokiona, kisha akaelewa. Alikuwa ameanza ukingo wa kulia wa karatasi. Mstari ulikuwa unakwenda kushoto, na kila herufi ilikuwa imempa mgongo msomaji.

Alifika nusu ukurasa ndipo naye alipoona. "Ee Mungu wangu," alisema, akaziba mdomo, akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja. "Tazama nilichofanya. Niletee karatasi nyingine."

"Malizia hivyo hivyo."

"Haisomeki!"

Mbele ya kila mchongaji kulikuwa na kioo kidogo cha kukagulia kazi. Quennell alikichukua cha Bi Dunnage, akakisimamisha kando ya karatasi. Ndani ya kioo maneno yalinyooka, mwandiko mzuri wa mtu aliyefunzwa: *Mimi, Philippa Dunnage, mchongaji, nilimgeuza mtu huyu kwa mkono wangu. Mkono alioinua ni wa kulia.*

"Waziri ataniuliza kama kweli yupo mtu ambaye mkono wake hugeuza kila kitu bila kumwomba ruhusa," alisema Quennell. "Nitampa hii, na kioo chako."

*

Wizarani alipokelewa na karani mwenye mafua, aliyedhani anafanyiwa mzaha. Kisha akasoma kwenye kioo, akaacha kupenga, akaenda kumwita mkubwa wake, naye akamwita mkubwa wake. Kioo kilizunguka kutoka chumba hadi chumba. Waliishika karatasi ya Orde mbele ya dirisha, wakaigeuza, wakaigeuza tena. Mzee mmoja alivua koti akalivaa mbele ya kioo, akabaki akijitazama muda mrefu. Wakalinganisha mwandiko na barua za zamani za Orde. Wakafungua ripoti ya daktari wa gereza juu ya bega la Larkin, ileile iliyomtia hatiani, wakaisoma sasa kwa macho mengine. Saa tisa alasiri Quennell alipewa barua yenye lakiri: hukumu imesimamishwa, mnyongaji azuiwe asisafiri, kesi irudi mezani.

Alitembea hadi makao ya polisi akiwa kama mtu aliyetoka ndotoni na bado hajaamini sakafu. Ukungu ulikuwa umekonda na jua limeonekana nyuma yake, dogo, jeupe, la kutazamika. Mahali fulani mjini alikuwapo mtu mwenye mkono wa kulia mzima, anakunywa chai, anasubiri Jumatatu ipite. Huyo angeanza kutafutwa kesho. Leo palikuwa na benchi.

Keziah Larkin alikuwa amekaa palepale, mgongo wima, kikapu mapajani, mkate umefungwa kwa kitambaa. Alimwona Quennell anakuja akainuka. Macho yake yalikwenda kwenye lakiri, yakabaki hapo.

"Sijui kusoma," alisema. "Nisomee."

Quennell alisoma. Polisi wa mlangoni aliacha kuandika.

"Nilikwambia vifungo," alisema Keziah.

"Uliniambia."

"Siku ya kwanza. Mlangoni kwangu."

"Siku ya kwanza. Niliandika kwamba huna jipya." Alilitafuta neno lililokuwa kubwa vya kutosha, hakulipata, akasema lile dogo. "Nisamehe."

Keziah alimtazama usoni, kisha kifuani, na paji la uso likakunjamana kwa ile karaha ya fundi aonapo kazi mbovu. Akaweka kikapu kwenye benchi. Akanyoosha mikono, akamfungua koti lote kuanzia juu hadi chini, kisha akaanza upya kutoka chini, kifungo na tundu lake, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Quennell alisimama na mikono ubavuni, barua ya serikali imekunjika kiganjani. Vidole vya mama vilipofika kifungo cha juu ilimbidi ainue kidevu.

"Haya," alisema Keziah Larkin, akachukua mkate wake. "Sasa nipeleke kwake."